Roboti Iliyovishwa Kandambili

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na hata kwa wasiohusika lakini hupenda kujua: binadamu ameushinda umbali. Kuta si kitu tena. Milima si kitu. Sayansi imefika mahali ambapo mtu anaweza kuwa amelala chali chumbani kwake, mguu juu ya mito, na papo hapo akawa darasani, mitaa kadhaa kutoka hapo, akimkodolea macho mtoto anayetafuna kitu chini ya dawati. Mabingwa waliumiza vichwa, matajiri wakafungua mifuko, setilaiti zikarushwa angani. Na baada ya juhudi zote hizo, mtu aliyeteuliwa na historia kuonja matunda yake katika mitaa yetu akawa shangazi yetu, mwalimu wa hesabu, kitambaa kichwani, na nyuma yake mumewe akipita na fulana ya ndani, akitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake mwenyewe.

Wasifu wa mashujaa kwa kawaida huandikwa na watu ambao hawajawahi kuwasikia wakikoroma. Huu ni tofauti. Sisi watoto wa kaka zake tumelala kwake likizo baada ya likizo, na tumefundishwa naye sehemu na desimali kwenye meza ya kulia mpaka chakula kikapoa. Tunayoyasema tunayajua.

Shangazi hakuwahi kukaa darasani. Kiti cha mwalimu alikipa kazi ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo, akaona hiyo inamtosha. Yeye alitembea. Aliandika swali ubaoni, akaweka chaki, akafunga mikono nyuma, kisha akaanza safari kati ya mistari ya madawati, polepole, akichungulia daftari moja baada ya jingine. Akikuta kosa hasemi. Huweka kidole juu yake, akapita. Kidole kile, ukishawekewa, unakihisi mpaka ukubwani. Kaka yetu mmoja ni mhasibu sasa, na anaapa kwamba kila akikosea hesabu anaona mahali pale panapata joto.

Kisha miguu ikaanza kumgomea. Kidole gumba cha kulia kiliota nundu, kikakataa kiatu chochote kinachofunika vidole. Shangazi akahamia kandambili za mpira, tena alinunua kubwa kuliko mguu ili nundu ipate nafasi ya kupumua. Sakafu ya saruji, kandambili kubwa, mwanamke mzito: chapa, chapa, chapa. Watoto wakambatiza Kandambili. Ilikuwa siri kubwa, aliyoijua yeye, aliyoijua mumewe, na tunadhani hata wakaguzi wa elimu walikuwa nayo kwenye mafaili yao.

Mkasa wenyewe ulianza alipotaka kurudisha pazia la dirisha lililong'oka. Akakivuta kile kiti cha mlangoni, akapanda. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa mbovu tangu enzi na enzi. Mwalimu mwingine yeyote angejua, kwa kuwa angekuwa amekikalia. Kiti alichokidharau miaka yote kikalipiza kisasi kwa dakika moja. Akaanguka, mfupa ukavunjika chini ya goti, akafungwa plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, na daktari akamwambia asiukanyage mguu huo muhula mzima.

Mwalimu Mkuu alikuja kumwona, amebeba mfuko wa machungwa na sura ya msibani. Ni mtu mwema, tusimseme vibaya kupita kiasi. Ana kitambi cha heshima, ana methali kwa kila jambo, na huongea na mgonjwa kwa sauti ya chini kana kwamba mgonjwa ndiye asiyetakiwa kusikia. Alisifu plasta, akasifu mito, akazunguka weee, mwishowe akatua alipokusudia: darasa la Shangazi lingeunganishwa na mkondo wa pili, chini ya Mwalimu Nukuu.

Mwalimu Nukuu ni kijana nadhifu mwenye shati lililonyooka na mbinu moja tu ya ufundishaji. Hujaza ubao, husema “nukuuni,” hutoka nje kuongea na simu.

Hapo lazima mjue jambo moja, vinginevyo hamtaelewa kwa nini mwanamke mwenye plasta alijaribu kuinuka kitandani. Shangazi alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Hili lilikuwa darasa lake la mwisho. Alilipokea likiwa dogo, halijui kugawanya wala kufuta pua, akapanda nalo mwaka hadi mwaka, na sasa lilikuwa na mtihani wa kumaliza shule mbele yake. Alitaka kulifikisha. Hakuwa na matakwa mengine makubwa maishani, ukiacha yale ya mumewe kupunguza sukari.

“Nitawafikisha mwenyewe,” akasema.

“Kwa mguu gani, Mwalimu?” akauliza Mwalimu Mkuu, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliouma.

Alipoondoka, Shangazi aligeukia ukutani. Machungwa hakuyagusa. Mumewe, ambaye sisi humwita Bwana Stempu kwa sababu alimalizia ujana wake nyuma ya dirisha la posta, alikaa pembeni ya kitanda akimenya chungwa moja polepole, akalimaliza kulimenya, akaliweka kwenye sahani, akaanza kumenya jingine. Huyo ndiye mume wake. Maneno ya faraja hana, lakini anamenya.

Aliyeleta wokovu ni binamu yetu Fundi Waya. Utotoni alifungua redio zote za ukoo akazifunga zikabaki na skrubu za ziada. Ukubwani akapata kampuni inayomlipa kwa tabia hiyo hiyo. Kampuni yao ilikuwa imeleta roboti za kuwakilisha watu mahali wasipokuwepo, na ilitafuta pa kuzijaribia. Akaja mbio, akasimama mlangoni, akasema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia methali, tukajua jambo ni zito.

Mwalimu Mkuu alikubali, ila kwa sharti. Meneja wa kampuni angekuja baada ya majuma machache kuangalia somo moja kwa macho yake, na yeye Mkuu angekuwepo. Wakiona mambo yanakwenda, roboti inabaki. Wakiona hayaendi, roboti inarudi kwenye boksi lake na watoto wanakwenda kunukuu.

Sasa hiyo roboti. Ondoeni akilini mwenu mtu wa chuma mwenye macho mekundu. Ilikuwa fimbo ndefu iliyosimama juu ya magurudumu mawili, na kileleni kuna kioo kinachoonyesha uso wa mwenyewe aliye mbali. Ufagio uliovalishwa runinga. Shangazi angekaa kitandani na kompyuta mapajani, angebonyeza vitufe vya mishale, na ufagio ungekwenda mbele, nyuma, kushoto, kulia. Angeona kinachoonekana kule, angesikia, angesema. Kidole tu ndicho hakikuwepo.

Walimfanyisha mazoezi nyumbani kwanza, na aliyelipia gharama ni Bwana Stempu. Yeye alikuwa amepiga hesabu zake kimya kimya: mke hawezi kutoka chumbani, basi sukari ya sebuleni imepata uhuru. Siku ya pili tu ya mazoezi, amekaa na chai yake, kijiko cha tatu kiko njiani kati ya kopo na kikombe, sauti ikatokea nyuma ya sikio lake:

“Rudisha hicho kijiko.”

Chai ilimwagika yote. Alipokuja chumbani kulalamika alikuwa bado anajipangusa. Alisema ameoa mwanamke mmoja, hakuoa wawili, na kwamba huyo wa pili anatembea kama kivuli. Shangazi alicheka mpaka mguu ukamuuma. Tukacheka sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na akili ya kuona kwamba mzee wa watu alikuwa ametupa onyo.

Siku ya kwanza shuleni ilikuwa sherehe. Fundi Waya aliingiza roboti darasani, kioo kikawaka, uso wa Shangazi ukajaa pale, karibu mno, pua mbele. Watoto wakasimama, wakaimba “Shikamoo mwalimu,” nusu yao wakicheka kwa furaha na nusu kwa sababu nyuma ya mwalimu kulionekana mzee wa fulana akikunja shuka. Walimsalimia naye. Akashtuka, akaitikia, akatoka fremu kwa kurudi kinyumenyume. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi walimwamkia babu, na kuanzia siku hiyo babu alivaa shati, ingawa chini alibaki na bukta, kwa kuwa kioo hakifiki huko.

Kipya kinyemi. Juma la kwanza darasa lilikuwa kimya, na Mwalimu Mkuu alipita dirishani akitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa pepo. Miaka yote darasa la Kandambili lilikuwa na uvumi wake, minong'ono, kucheka chini chini. Sasa sindano ingeanguka ukaisikia. Alimpongeza Shangazi kwa simu.

Lakini watoto walikuwa wanakosea. Si wale wazito peke yao, wote. Spika mwenyewe, msichana kiranja aliyepata jina lake kwa kuongea na kila mtu hata na mbao, alikosa swali ambalo alilijua tangu mwaka uliopita. Shangazi alikuwa akiwaambia wainue madaftari mbele ya kioo, na alichokiona kilimtia baridi. Mistari imekatwakatwa. Majibu yameanzwa na kuachwa njiani. Kulikuwa na daftari lililokuwa na tarehe na jasho tu.

Akafundisha upya. Akarahisisha maswali. Akawaambia wasiogope. Ndipo walipozidi, kwa sababu hilo neno la mwisho aliwaambia kutoka nyuma, na mtoto mmoja akaruka nusu ya dawati. Akaanza kuona. Kila alikopeleka roboti, mabega yalikuwa yanapanda. Watoto walikaa wamekakamaa kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti, na shingo zinageuka kila saa, kushoto, kulia, kutazama yuko wapi.

Fundi Waya aliletewa lawama zote. Alibadilisha spika ya roboti, akapunguza mwanga wa kioo, akashusha fimbo, akapandisha fimbo. Alimshauri Shangazi atabasamu zaidi. Shangazi akatabasamu, na tabasamu lile, likiwa juu ya ufagio, lilizidi kuharibu mambo.

“Wananiogopa,” akamwambia mumewe jioni moja, akiwa ameifunga kompyuta. “Maisha yangu yote wamenicheka, mzee. Sikujali. Lakini hawajawahi kuniogopa.”

Bwana Stempu akaenda kuleta machungwa.

Kisha, bila sababu aliyoijua, mambo yakageuka. Asubuhi moja Shangazi alifungua kompyuta akakuta darasa limechangamka. Minong'ono imerudi. Mtu amecheka nyuma kule. Akaandikisha maswali, akabonyeza mshale wa mbele, safari ikaanza, na hakuna shingo iliyogeuka. Madaftari yalipoinuliwa, majibu yalikuwa yamesimama kwenye mistari yake. Spika alikuwa ameshamaliza na anamsumbua jirani.

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Picha ilikuwa inatikisika. Roboti ikitembea, darasa zima lilipanda na kushuka, kidogo, kwa mpigo, kama mtu aliyepanda punda. Shangazi alidhani ni dawa za maumivu, akamwambia mumewe, mumewe akasoma karatasi ya dawa akakuta kweli imeandikwa kizunguzungu. Wakaridhika. Mtu akiwa na furaha huridhika haraka.

Ambacho hakukijua, na hakuwa na njia ya kukijua, ni kwamba watoto walikuwa wamechukua kandambili kuukuu, wakakata soli yake, wakaifunga kwenye gurudumu la kulia kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila gurudumu lilipozunguka, soli ililamba saruji. Chapa. Chapa. Chapa. Darasa zima lilisikia isipokuwa yeye. Maikrofoni ya roboti ilikuwa imetengenezwa ipuuze kelele za magurudumu yake yenyewe, tabia ambayo wengi wetu tunayo bila hata ya kuwa na kampuni.

Na Mwalimu Mkuu naye alisikia.

Alikuwa anapita barazani, siku moja kabla ya ugeni wa meneja. Alisimama. Sauti ile aliijua. Shule nzima iliijua. Alichungulia dirishani akaona mtambo wa kampuni, wa gharama isiyosemeka, ukichechemea kati ya madawati na kandambili kwenye gurudumu. Alisubiri watoto watoke, akaingia, akafungua ule mpira kwa mikono yake mwenyewe, akaifungia soli kwenye droo ya ofisini kama ushahidi. Kisha akampigia Shangazi.

Tuseme kweli, alidhani anamlinda. Alimweleza taratibu kwamba watoto wanamdhihaki. Kwamba wanalo jina wanalomwita, samahani sana Mwalimu, na sasa wamefikia kuuvika mtambo wa watu jina hilo. Kwamba kesho meneja anakuja, na mkataba unasema wazi kwamba mtambo usifungwe wala kubandikwa chochote. Alimshauri aichukue siku ya kesho kama siku ya kuaga kwa heshima.

Shangazi alimpa mumewe simu, akaomba apangiwe mito upya. Sisi tuliokuwepo tulitukana watoto wa watu kwa niaba yake mpaka tukachoka, naye akatazama dari. Jina lenyewe halikuwa limemuuma, alitwambia baadaye. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameifurahia ile wiki.

Asubuhi akawasha kompyuta mapema. Watoto wamekaa, Mwalimu Mkuu amesimama mlangoni na tai mpya, Fundi Waya yuko kwenye kona akifuta kioo kilichokuwa safi tayari. Meneja alikuwa njiani.

“Nani amenifunga kandambili?” Shangazi akauliza.

Wakatazamana. Spika akasimama, kwa kuwa hata kwenye hatari kubwa mdomo wake hauwezi kukaa.

“Sisi wote, Mwalimu.”

“Mlikuwa mnanicheka?”

“Hapana, Mwalimu. Kidogo tu siku ya kwanza. Zamani ulikuwa unasikika. Ukiwa kule mbele tunajua uko mbele, mtu anafikiri zake. Ukianza kuja, mimi naangalia tena nilichoandika. Kama nimekosea nafuta. Ukifika umekuta nimeshapata.”

“Mimi pia,” sauti ikasema nyuma.

“Sasa hii haisikiki,” Spika akaendelea, na akaigusa fimbo kwa ncha ya kidole. “Mtu unasikiliza tu imefika wapi. Huwezi kusikiliza na kugawanya. Tukasema tukuvalishe, uwe wewe.”

Tunaomba wanazuoni wa elimu wasogee karibu, maana hapa kuna jambo lao. Miaka yote ile Shangazi alidhani anafundisha kwa kidole. Kumbe kidole kilikuwa kinafika baada ya kazi kuisha. Kilichokuwa kinafundisha ni ule muda kati ya kandambili kusikika na kandambili kufika, muda ambao mtoto anajikuta peke yake na kosa lake na bado ana nafasi. Mbinu hii haikutoka chuoni. Ilitoka kwenye nundu ya kidole gumba.

Walimwona Shangazi kwenye kioo akivuta ncha ya kitambaa chake, akajifuta puani, akakirudisha.

Mwalimu Mkuu akaona ni wakati wake. Alisema watoto wamejieleza vizuri, wamesamehewa, lakini nidhamu ni nidhamu. Kimya kile cha mwanzo ndicho kilikuwa kizuri, na wahenga walishasema simba mwenda pole ndiye mla nyama.

“Hao si nyama,” Shangazi akasema.

Mwalimu Mkuu akakohoa.

“Iko wapi hiyo kandambili?”

“Ofisini. Lakini Mwalimu, mkataba…”

Shangazi akamweleza, kwa sauti ile ya kumfundisha mtu kugawanya, kwamba meneja akikuta roboti tupu, watoto watashindwa mbele yake, na roboti itaondoka. Akikuta kandambili na akakasirika, roboti itaondoka. Kwa hiyo yeye Mwalimu Mkuu hana anachopoteza kwa upande wowote; darasa atalipata tu alipeleke kwa Nukuu. Anayeweza kupoteza ni mtu mmoja, na mtu huyo anaomba kandambili yake.

Mwalimu Mkuu alitafuta methali. Hakuna iliyokuja. Akageuka, akavuka uwanja wa shule mzima mbele ya madarasa yaliyokuwa yakichungulia, na akarudi ameshika soli ya kandambili kwa vidole viwili, mbali na tai. Spika akaipokea. Walipiga magoti watatu kuzunguka gurudumu.

“Kazeni,” Shangazi akasema. “Jana ilikuwa inaniyumbisha.”

Meneja aliingia na watu wawili wa kamera na kiatu kinachong'aa. Ni mtu mrefu, mwenye manukato yaliyomtangulia, na mtu anayezungumza kana kwamba daima kuna kipaza sauti mbele yake. Alisimama nyuma ya darasa. Fundi Waya alisimama karibu na mlango, kwa ajili ya kukimbia.

Swali lilikuwa lile la tangi. Mnalijua: bomba moja linajaza tangi, bomba jingine linalimwaga, na yote mawili yamefunguliwa kwa wakati mmoja. Hakuna fundi bomba duniani aliyewahi kufanya upuuzi huo, lakini hesabu haijali. Shangazi akampa Spika aliandike ubaoni kwa chaki, akasubiri vichwa vishuke, akabonyeza mshale.

Chapa.

Meneja akainua uso.

Chapa. Chapa.

Mwalimu Mkuu alianza kutoa jasho kwenye paji la uso, kisha shingoni, kisha tai ikabadilika rangi. Roboti ilishuka mstari wa kwanza ikichechemea, uso wa Shangazi ukipanda na kushuka, mikono yake huko nyumbani ikiwa kwenye vitufe lakini kila aliyemtazama angeapa ameifunga nyuma. Hakuna mtoto aliyegeuka.

Karibu na meneja kulikuwa na mtoto wa dawati la mwisho, ambaye alikuwa amejumlisha mabomba yote mawili na tangi lake linafurika vibaya sana. Sauti ilikuwa bado mbali, mstari wa pili. Mtoto akasimamisha kalamu. Akatega sikio kidogo, bila hofu, kama unavyomsikia mtu wa nyumbani akifungua geti. Akatazama alichoandika. Akachukua raba. Akafuta, akapuliza vumbi, akatoa bomba moja kutoka kwa jingine. Chapa, mstari wa tatu. Akaandika. Chapa, chapa. Akapigia mstari chini ya jibu, na roboti ikawa imefika, na Shangazi akachungulia, akasema “Enhe,” akapita.

Meneja aliyaona yote hayo kutoka mahali aliposimama, na kwa sifa yake yote tunasema: aliyaona. Akamuuliza Mwalimu Mkuu kilichoko kwenye gurudumu ni nini. Mwalimu Mkuu akaanza kuomba radhi kuanzia asili ya shule. Shangazi akamkata kutoka katikati ya darasa.

“Ni kandambili, mwanangu. Anayewajia watu kimya kimya ni paka au mwizi. Mimi ni mwalimu wao.”

Meneja alitazama gurudumu. Akainama akaligusa, hata kiatu kile kikapata vumbi. Tunamjua mtu akiguswa, na tunamjua mfanyabiashara akiona mali. Huyu alikuwa na nyuso zote mbili kwa zamu. Kisha akajinyoosha, akaweka tai sawa, akatembea hadi mbele ya darasa, na watu wa kamera wakakimbia kujipanga.

Hotuba yake ilikuwa ndefu na nzuri. Alisema leo mipaka ya mwili imevunjwa. Alisema ile si kandambili tena bali ni mfumo wa tahadhari ya ukaribu, na kampuni itauchunguza. Alisema roboti itabaki katika darasa hili mpaka watoto hawa wafanye mtihani wao na mwalimu wao astaafu kwa heshima, na hakuna atakayewaunganisha na mtu. Hapo watoto walipiga madawati, Fundi Waya akakaa chini sakafuni, Mwalimu Mkuu akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na kule chumbani Bwana Stempu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mkewe na sahani ya machungwa, aliinama akambusu kwenye kitambaa bila kukumbuka kwamba darasa zima linamwona.

Meneja akasubiri kelele zitulie. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye roboti, kamera zikageuka.

“Mwalimu,” akasema, “wewe ni wa kwanza. Vizazi vitakusoma. Dunia nzima inakutazama wakati huu. Una neno gani kwa dunia?”

Shangazi alimtazama kutoka kwenye kioo. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

“Nimeshukuru,” akasema. “Sasa sogea, umeziba ubao.”